Upande wa Kushoto

Kibuye, Jumatatu, soko bado lina uchovu wa jana.
Natoa pini kwa bisibisi, moja moja,
saba nimezibana kwa meno,
kwa hiyo mteja akiuliza najibu kwa nyusi.

Mteja ni Bi Rispa Akelo wa Migosi.
Amekuja na simu, na simu imejaa nyumba za watu:
sebule nyeupe zisizo na kalenda,
dari ya jipsamu yenye ngazi kama keki,
ukanda wa taa unaobadilika, zambarau, buluu, zambarau,
kapeti lenye manyoya kumshinda kondoo,
na kochi la mahameli, rangi ya majivu.
"Hii," ananiambia. "Hii hii."
Mwaka juzi wote walitaka maziwa na kahawa.
Kabla yake maruni, vifungo vimezama kama vitovu.
Mwaka huu Kisumu nzima imeungua,
inataka kukalia majivu yake.

"Na vile vitambaa?" Vya kufuma kwa mkono,
nanasi kwenye kila mgongo,
alivifuma mwenyewe akiwa na mimba ya tatu.
"Vimepitwa. Binti yangu anasema
tumevalisha viti kama vinaenda komunio."

Sibishi. Kipya kinyemi,
na kwenye hicho kipya ndimo mlimo unga wangu.

Nachana.
Chini ya kahawia, maua makubwa ya manjano.
Chini ya maua, ngozi bandia nyekundu
iliyopasuka ramani ya nchi nisiyoijua.
Kwenye ufa wa nyuma: shilingi ishirini na sita,
kalamu iliyokauka, njugu, jino la mtoto,
risiti ya dawa za presha, tarehe imefifia.
Namwekea vyote kwenye kifuniko cha mkebe wa rangi.

Kisha sponji.
Kulia ni tambarare, pa wageni.
Katikati ni pa watoto, pamerukwa pakachoka.
Kushoto pana bonde.
Si bonde la kila mtu. Lina nyonga, lina mgongo,
na kwenye kiegemeo mbao imelainika
pale kiwiko kilipokaa, redio sikioni,
miaka yote ya Gor kufunga na kufungwa.
Springi nne zimeinama upande mmoja
kama nyasi alipolala ng'ombe.

Msiba wao niliujua. Mazishi yalikuwa Seme, mwezi wa nane;
turubai la hema nililishona mimi.

Anatazama bonde. Anatazama simu.
Simu inazima, anaiwasha kwa kidole gumba.
"Jaza," anasema. "Liwe sawa lote."

Nikajaza. Sponji mpya,
muuzaji ameapa miaka kumi.
Springi za kulia nikabadilisha, za katikati pia.
Kushoto mkono ukagoma.
Si huruma. Nilikuwa na njaa,
stima ilikuwa imepotea,
na hayo ndiyo nitakayosema nikiulizwa.
Nikalaza sponji juu ya bonde, nikavuta mahameli,
nikapiga pini. Kwa macho, uwanja wa ndege.

Ijumaa, mkokoteni mpaka Migosi.
Ukuta umepakwa, kalenda imeng'olewa,
msumari wake umebaki.
Taa inakwenda zambarau, buluu, zambarau.
Binti akapiga picha kabla mtu hajakaa.
Bi Rispa akalizunguka kochi kama mnunuzi wa fahali.
Akapita kulia. Akapita katikati.
Akakaa kushoto,
akazama inchi moja, labda na nusu.
Kiganja kikatafuta kitu kwenye kiegemeo,
kikatulia.

"Mama, mbona hapo panabonyea?"

"Panabonyea wapi," akasema. "Ndio mtindo."

Kisha akanisindikiza hadi mlangoni, akahesabu noti,
akarudisha mbili pochini.
"Springi nne hukubadilisha, fundi.
Mimi tulipatana kumi na mbili."